Fundi wa Baiskeli wa Majengo na Amana za Watu

Na Mwandishi Wetu, Mombasa

UKITOKA Mwembe Tayari ukashika njia ya kuingia Majengo baada ya sala ya alasiri, wakati wauza viazi karai wanapoanza kuwasha majiko yao, utasikia mlio wa nyundo ndogo ikigonga chuma taratibu, mara tatu nne, kisha kimya, kisha tena. Ufuate mlio huo. Utakufikisha kwenye kiduka cha mlango mmoja kisichokuwa na kibao wala jina, ila ringi kuukuu ya baiskeli iliyotundikwa msumarini juu ya mlango. Hiyo ndiyo alama yake, na wenye shida ya baiskeli kutoka Majengo, Makupa na hata Tudor wanaijua.

Mwenye duka ni mzee aliyekwisha kuvuka miaka sitini, mwembamba, mwenye kofia ya mkono iliyogeuka rangi kwa jasho na grisi. Ameomba jina lake lisiandikwe gazetini, nasi tumemkubalia. Watoto wa mtaa humwita Ami Fundi, na wakubwa nao wamefuata watoto, basi hapa pia tutamwita hivyo hivyo.

Ndani ya duka mna nafasi ya watu watatu tu wakiwa wamesimama. Chini pana karai la maji, pampu ya miguu, na kisanduku cha mbao kilichojaa spana, koleo, bisibisi na vyuma ambavyo mimi nisingeweza kukwambia kazi yake. Ukutani mmening'inia tairi na tyubu kama pweza waliotundikwa kukauka. Na juu kabisa, chini ya boriti, zimefungwa kwa kamba baiskeli nne nzima. Hizo nne ndizo zilizonifanya nirudi kwake mara ya pili na ya tatu, na habari zake nitazieleza.

CHOMBO KILIVYOTUFIKIA

Kabla ya hapo si vibaya tukumbushane chombo chenyewe kilitoka wapi, kwani vijana wa leo huiona baiskeli kana kwamba imekuwako tangu zama za Nabii Nuhu. Mjerumani mmoja aitwaye Karl von Drais ndiye aliyeunda mwaka 1817 chombo cha magurudumu mawili ya mbao, ambacho mtu alikikalia na kujisukuma kwa miguu ardhini, bila ya pedeli wala mnyororo. Ikachukua miaka mingi ya kujaribu na kuanguka hadi mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mtu akiiona ile ya Starley leo ataijua mara moja kwamba ni baiskeli. Miaka mitatu baadaye, 1888, daktari wa wanyama wa mji wa Belfast, John Boyd Dunlop, akasajili tairi yake yenye upepo ndani, ambayo aliitengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ami Fundi anapenda sana kisa hicho cha baba na mtoto. Husema kwamba riziki yake yote imetoka kwa mtoto aliyechoka kutikiswa.

Wakati huo hapa Mombasa mabwana wakubwa walikuwa wakisukumwa na watu katika matroli yaliyopita juu ya vyuma kama vya reli, na wengine wote walikwenda kwa miguu au kwa punda. Baiskeli zilipokuja zilikuja na majina ya Kiingereza: Raleigh ya Nottingham, Hercules na BSA za Birmingham. Zilikuwa nyeusi, nzito, ndefu, zenye breki za vyuma vinavyobana ringi, na tandiko la ngozi juu ya springi. Baadaye zikaja za Hero, kampuni iliyoanzishwa Ludhiana, India, mwaka 1956, na Phoenix za kutoka Shanghai. Zote zilifuata umbo lile lile la Kiingereza, na Wakenya wakazipa jina moja la Black Mamba, pengine kwa weusi wake, pengine kwa urefu.

Katika miji yetu ya pwani baiskeli ilikuwa ni heshima ya mtu. Karani alikuwa nayo, tarishi alikuwa nayo, na mwalimu wa chuoni akijaaliwa alikuwa nayo pia. Iliyotafutwa hasa na wavaaji kanzu ni ile yenye kasha la bati linalofunika mnyororo wote, kwani mnyororo mtupu hauna adabu mbele ya kanzu nyeupe. Ami Fundi anayo kasha moja la namna hiyo, la Raleigh, ameliweka juu ya rafu na hataki kuliuza. Unguja na Pemba, ambako baiskeli imebaki kuwa chombo cha kila siku, utamwona hata leo mzee amekwea yake wima, kanzu imekunjwa vizuri, haendi mbio wala hasimami. Sisi Mombasa tumekuwa watu wa haraka.

Na nani katika sisi hakukodi baiskeli siku ya Idi? Mtoto akishapewa sikukuu yake na jamaa, shilingi ya kwanza ilikwenda kwa mwenye baiskeli. Ami Fundi alikuwa na ndogo sita za kukodisha, na anasema siku hizo tatu nne za Idi zilimpa magoti ya watoto ya kufunga vitambaa kuliko baiskeli za kutengeneza. Mkewe alikuwa akikaa ndani ya mlango na chupa ya dawa na pamba.

KAZI YA MKONO NA SIKIO

Huenda msomaji akadhani kwamba kuziba pancha ni jambo la kila mtu. Nilikaa nikamtazama. Kijana wa kuuza madafu alileta Hero yake, tairi ya nyuma imelala. Ami Fundi hakuing'oa gurudumu. Alilaza baiskeli, akaitoa tairi upande mmoja kwa vijiko viwili vya chuma, akaivuta tyubu nje, akaijaza upepo na kuipitisha ndani ya karai la maji kidogo kidogo mpaka mapovu yakatokea. Akaweka alama. Akaikausha, akaikwangua kwa msasa, akapaka gundi nyembamba, kisha akaiacha. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea, aliniambia, kwa kubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Gundi husubiriwa mpaka ukiigusa kwa kidole isikushike. Wakati wa kusubiri yeye alikuwa akipitisha vidole ndani ya tairi, taratibu, macho yako kwengine, mpaka akautoa mwiba. Angeziba tundu akauacha mwiba, yule kijana asingefika Buxton. Malipo yake yalikuwa kama bei ya kikombe cha chai na mahamri.

Lakini sifa ya fundi haiko kwenye pancha, iko kwenye gurudumu. Gurudumu la baiskeli linavyofanya kazi ni jambo la ajabu ukilifikiri. Gari la punda hukaa juu ya mataruma manene ya mbao. Spoki ya baiskeli ni waya tu, ukiusukuma unapinda, na mzigo huchukuliwa kwa sababu nyaya zote zimevutwa kwa nguvu zinazolingana kutoka kitovuni hadi kwenye ringi. Moja ikilegea, jirani zake huchukua kazi yake, nazo huchoka, na gurudumu huanza kucheza kama mlevi. Zile baiskeli za kizamani za Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, maana mzigo uko nyuma. Za kisasa nyingi zina 36 na 36. Ami Fundi huzifunga moja moja, akizipishanisha, kisha hulizungusha gurudumu na kuligonga gonga spoki kwa kucha, akisikiliza. Iliyolegea ina sauti nzito, iliyokazwa sana hulia kwa ukali. Anaponyoosha ringi haongei na mtu, na ukimsalimu hukujibu salamu yako kisha akanyamaza.

Mwanafunzi wake ni kijana wa miaka kumi na saba. Nilimkuta akijifunza kitovu cha gurudumu la nyuma: gololi tisa upande huu na tisa upande ule, zilazwe juu ya grisi, kisha koni ikazwe mpaka gurudumu lisicheze wala lisizuilike. Akikaza mno, chuma kinakula chuma. Akilegeza, gololi zinapigana. Siku yake ya kwanza dukani alipewa afungue pedeli ya kushoto, akahangaika nayo mpaka mishipa ikamtoka shingoni, kwa kuwa hakuambiwa kwamba pedeli ya kushoto hukazwa na kulegezwa kinyume cha nyengine zote. Imefanywa hivyo makusudi, isijifungue yenyewe mtu anapoendesha. Ami Fundi humpa kila mwanafunzi mtihani huo bila ya kumwonya, na mimi naona kuna ukatili kidogo ndani yake, ijapokuwa kijana mwenyewe sasa anacheka.

Adui mkubwa hapa kwetu ni chumvi. Upepo wa bahari huila minyororo na ringi usiku na mchana, na baiskeli ya mvuvi au ya anayekaa karibu na maji haina umri mrefu isipopanguswa. Mnyororo huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, kisha hutiwa oili kidogo. Watu hutia oili nyingi wakidhani ni kuupenda mnyororo, lakini oili nyingi hushika mchanga, na mchanga ni msasa.

PIKIPIKI ZILIPOINGIA

Zamani mafundi wa namna hii walikuwa kila mtaa. Kilichowapunguza kinajulikana. Jina la boda boda lilianza na baiskeli huko Busia, ambako vijana walikuwa wakivukisha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwengine, na baadaye baiskeli za abiria zikaenea katika miji mingi ya Kenya. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, jina likahama na abiria wakahama nalo. Mafundi wenzake Ami Fundi wakahama pia, wakajifunza injini. Yeye hakuhama. Nilipomwuliza sababu alisema hapendi kelele, akarudia kazi yake.

Huko zilikotoka nako mambo yamegeuka. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Kampuni ya Atlas ya India ilisimamisha kiwanda chake cha Sahibabad tarehe 3 Juni 2020, siku ile ile ambayo Umoja wa Mataifa umeifanya Siku ya Baiskeli Duniani tangu mwaka 2018. Zinazofika kwetu kwa wingi sasa ni za mtumba, zenye gia nyingi na springi mbele, nyepesi, nzuri kwa macho. Ami Fundi hazidharau, ila analalamika kwamba kila moja ina kifaa chake, na kifaa hicho hakipatikani. Black Mamba ya mtu wa Kwale na ya mtu wa Malindi zilikula vyuma vya namna moja.

Hapa ndipo majaribu yanapoingia. Mara kwa mara hupita vijana na gurudumu mkononi, au tandiko, au gia, wakiviuza kwa bei ya kutupa. Ami Fundi hununua tu kwa mtu anayemjua, au aliyekuja na baiskeli nzima na mtu wa kumdhamini. Wengine huwaambia waende zao. Mafundi wengine wamemwambia anajifunga riziki mwenyewe, na nimemwona kwa macho yangu akimrudisha mteja mwenye pesa taslimu kwa sababu hana gia, na saa moja kabla gia kama hiyo ilipita mlangoni pake.

BAISKELI NNE ZA DARINI

Sasa tuje kwenye zile nne. Jengo lenye duka linavunjwa. Mwenyewe anataka kujenga ghorofa, na wapangaji wote wamepewa muda wa kutoka baada ya mfungo wa Ramadhani. Ami Fundi hana ugomvi naye, ni haki yake. Atahamia barazani kwa nyumba yake Kisauni, akavuke daraja la Nyali kila anapohitaji vifaa vya mjini. Spana zitaingia kwenye gunia moja. Tatizo ni baiskeli ambazo si zake.

Tatu kati yake zililetwa kutengenezwa, zikatengenezwa, na wenyewe hawakurudi. Moja imekaa miaka saba. Anayo daftari yenye siku ya kuletwa, kazi iliyofanywa na jina moja moja tu, kama watu walivyomwambia. Jirani mmoja muuza nguo alimshauri aziuze, ajilipe ujira wake na kodi ya mahali zilipokaa. Ami Fundi akaenda kumwuliza sheikh wa msikiti wake kama zina hukumu ya mali iliyookotwa, ile ambayo hutangazwa mwaka mzima. Akajibiwa kwamba hizo hakuziokota, aliletewa na wenyewe mkono kwa mkono, basi ni amana, na amana ina aya yake katika Suratun Nisaa, aya ya 58. Azitangaze, awatafute wenyewe kwa kila njia, na likimshinda asiamue peke yake, amrudie kadhi. Hata hivyo amechukua jambo moja kutoka kwa hukumu ya kiokotwa: anayekuja kudai sharti aeleze alama za baiskeli yake kabla ya kuonyeshwa. Kwa sababu hiyo nami sitaandika hapa rangi zake wala namna zake.

Ya nne ina mambo zaidi. Ilikuwa ya mzee muuza mikate, aliyeileta afungiwe gurudumu jipya la nyuma. Kazi ilikwisha siku ya Jumatano, na siku ya Alhamisi Ami Fundi akasikia msikitini kwamba mwenyewe amefariki. Alikwenda kuzika. Baada ya arubaini alimwendea binti yake marehemu, akamwambia kuhusu baiskeli. Yule binti alisema, "Ami, iuze tu, ujitolee haki yako, kilichobaki kitolee sadaka ya baba."

Maneno mazuri, na watu wengi wangeyashukuru na kuyafuata. Lakini Ami Fundi anajua kuhesabu gololi na anajua kuhesabu mafungu. Marehemu mkewe alimtangulia, wazazi wake hawako, ameacha wana wawili wa kiume na binti huyu mmoja. Kwanza hutoka deni, na ujira wa gurudumu ni deni. Kinachobaki ni mafungu matano: mawili kwa kila kijana na moja kwa binti. Kwa hivyo binti aliruhusu sadaka ya fungu moja, mengine manne hayakuwa yake kuyatoa. Ndugu mmoja yuko Muscat, na alipopelekewa habari kwa simu akaridhia siku ile ile. Wa pili ni mvuvi, hukaa mara Shimoni mara Vanga, simu yake haishiki, na kila aliyetumwa amerudi na jibu kwamba ameonekana juzi.

Nilimwambia Ami Fundi kwamba kwa thamani ya baiskeli moja kuukuu amekwisha kutumia nauli na simu kuliko itakavyouzwa. Hakubisha. Alisema, "Mwanangu, hiyo ni hesabu ya mfuko wangu. Yake marehemu ni nyengine."

Mimi bado naona kwamba angeweza kumwachia binti akaitunza nyumbani kwao, na nilimwambia hivyo pia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba binti ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja, na baiskeli ikifika nyumbani itapandwa. Mtoto huyo nimemwona. Huja jioni akitoka chuoni, juzuu kwapani, akasimama mlangoni na kuitazama baiskeli ya babu yake huko juu, kwani alikuwa akipakiwa mbele juu ya fremu, alfajiri, mikate ikiwa nyuma. Yeye si mrithi, maana wajomba zake wako hai. Ami Fundi humteremshia kila Ijumaa asubuhi wakapangusa kutu pamoja na kutia oili mnyororo, na mtoto huruhusiwa kupiga kengele mara moja. Kuipanda haruhusiwi. Ijumaa moja mtoto alilia, na fundi aligeuka akajishughulisha na karai la maji muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Amekwisha kumwahidi kitu, lakini ameniomba nisiandike kwa sababu mama wa mtoto husoma gazeti. Naweza kusema tu kwamba mwanafunzi wake siku hizi anajifunza kufunga magurudumu madogo, na vyuma vyake vimenunuliwa kwa mtu anayejulikana.

Basi ikiwa wewe msomaji, au jamaa yako, aliacha baiskeli kwa fundi wa Majengo mwenye ringi juu ya mlango, iwe ni mwaka huu au miaka saba iliyopita, nenda ukaitazame kabla ya Idi. Ueleze alama zake na mwezi ulioileta. Ujira ni ule ulioandikwa daftarini siku ile, hajauongeza. Na yeyote wa Shimoni au Vanga anayemjua mvuvi ambaye baba yake alikuwa akiuza mikate Majengo kwa baiskeli, amwambie anatafutwa kwa heri. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi magharibi, na siku ya Ijumaa hufungwa saa sita mchana.